Handaki Lenye Milango

Leo tunapanda baiskeli, watoto. Tunakokwenda ni mbali: jimbo la Wisconsin, kaskazini mwa Marekani, ambako majira ya baridi maziwa huganda mpaka watu wanaegesha magari juu yake na kuvua samaki kwenye tundu walilotoboa katika barafu. Sisi tutakwenda mwezi Juni. Januari ya kule si ya mtu aliyekulia joto la Tanga.

Tunaanzia Elroy, mji mdogo kiasi kwamba ukipiga chafya mwanzo wa mtaa, unaambiwa "afya!" na mtu wa mwisho wa mtaa. Tunamalizia Sparta, kilomita 51 na ushee mbele. Katikati tutapita Kendall, Wilton na Norwalk, vijiji vya watu wa ng'ombe wa maziwa. Ni safari ya siku nzima kwa mtu asiye na haraka, na mimi haraka sina. Haya, pampu ipo? Maji yapo? Sweta je? Msinicheke. Sweta mtalihitaji, na tochi pia, tena mchana kweupe.

Kabla hatujakanyaga pedeli, tazameni chini. Njia yetu imetandazwa kokoto ndogondogo za mawe ya chokaa, zikashindiliwa mpaka zikashikana. Magari hayaruhusiwi. Sasa inueni macho mtazame mbele. Kushoto vilima, kulia vilima, lakini njia yenyewe inakwenda tu, inapinda polepole, haina kona kali, haipandi ghafla wala haishuki ghafla. Nani ataniambia kwa nini?

Naona mkono umeshanyooka huko nyuma. Kwa sababu palikuwa na reli? Haswa. Hapa tunapokanyaga lilipita garimoshi kwa miaka zaidi ya 90.

Treni, wanangu, ina nguvu nyingi na inaogopa mlima. Mambo hayo mawili yanatoka mahali pamoja. Gurudumu lake ni la chuma, na linakanyaga reli ya chuma, na chuma juu ya chuma huteleza. Ndiyo maana kichwa kimoja kinaweza kukokota mabehewa yenye shehena ambayo ingetaka msururu wa malori: magurudumu hayang'ang'anii njia kama tairi la mpira linavyong'ang'ania lami. Lakini ipe treni hiyohiyo mlima mkali, na magurudumu yatazunguka palepale bila kwenda popote. Kwa hiyo mjenzi wa reli ni bahili wa mwinuko. Katika kila mita 100 za kwenda mbele anaikubalia njia ipande mita moja, pengine mbili, na ikifika tatu huyo amekwishashikwa na wasiwasi. Penye bonde anajaza udongo na kujenga tuta. Penye mto anaweka daraja. Kilima kidogo anakipasua katikati, kikubwa anakizunguka. Na kile kisichozungukika anakitoboa kutoka upande huu hadi upande wa pili.

Kwetu Tanzania, waliopanda treni ya SGR kutoka Dar es Salaam kwenda Dodoma wamepita ndani ya milima ya Kilosa kwa sababu hiyohiyo. Hata upana wa reli ni mmoja: milimita 1,435 kutoka chuma hadi chuma, kule kwetu na hapa Wisconsin.

Mwendesha baiskeli naye haupendi mlima. Hapo ndipo tunapofaidi. Kazi yote ya kuinyoosha njia walikwishaifanya watu wa reli, kwa ajili ya shehena zao, na leo mtoto wa darasa la tatu anapita hapa bila kushuka kusukuma.

Twendeni.

Kituo cha kwanza ni Kendall. Stesheni ya zamani bado imesimama, na ndiyo ofisi ya njia na makumbusho yake madogo. Hapa mkubwa wenu atoe pesa: mwenye baiskeli aliyefikisha miaka 16 sharti awe na kibali cha kutumia njia za jimbo. Walio chini ya hapo hawalipi kitu, kwa hiyo wengi wenu mmepona. Anayetembea kwa miguu naye halipi.

Nanyi mkisubiri hapo kivulini, niwaambie reli ilikwenda wapi.

Kampuni iliyoijenga iliitwa Chicago and North Western. Ilikuwa inataka kuunganisha jiji la Chicago na miji ya kaskazini-magharibi, ng'ambo ya mto Mississippi, na sehemu hii ikakamilika mwaka 1873. Garimoshi likaanza kupita na abiria, barua, mifugo, nafaka na maziwa. Vijiji hivi vilikua kwa kulifuata. Lakini mahandaki matatu yaliyotobolewa kwenye vilima vya mbele yetu yaligharimu, na mwinuko ulikula makaa ya mawe. Mwaka 1911 kampuni ikafungua njia nyingine mashariki ya hapa, penye ardhi ya tambarare, na treni zenye haraka zikahamia huko. Baadaye zikaja barabara, magari na malori. Reli ya mahandaki ikabaki na mizigo ya hapa na pale, mwaka 1964 ikafungwa kabisa, na vyuma vikang'olewa.

Reli ikifa, wanangu, mara nyingi hutawanyika. Shamba la mtu ni pande nene la ardhi. Ukiliacha miaka kumi utalikuta lilipo. Njia ya reli ni ukanda mwembamba wa kilomita nyingi, na thamani yake iko katika kuungana kwake. Jirani wa hapa akilima kipande chake, wa pale akijenga banda, wa kule akiziba daraja, hakuna atakayeweza kuiunganisha tena. Kwetu tunalijua hilo. Kusini mwa Tanzania kulikuwa na reli iliyotoka Mtwara mpaka Nachingwea, iliyojengwa na Waingereza kwa ajili ya ule mradi wao mkubwa wa karanga baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Karanga hazikustawi kama walivyopanga, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 reli hiyo nayo ikang'olewa. Mimi kila nikiiwaza naona ilikuwa njia nzuri ya baiskeli kupita kwenye mikorosho, lakini hayo ni yangu.

Hapa Marekani alitokea mama mmoja mtaalamu wa mimea, May Theilgaard Watts. Mwaka 1963 aliandika barua katika gazeti la Chicago Tribune, akataka reli iliyoachwa magharibi ya jiji hilo isiuzwe vipande vipande, iachiwe watu watembee. Barua ile ilizaa njia inayoitwa Illinois Prairie Path. Wisconsin nako jimbo likachukua hatua: mwaka 1965 likanunua ukanda huu mzima kutoka Elroy mpaka Sparta, na mwaka 1967 likaufungua. Ni miongoni mwa njia za kwanza kabisa za aina hii katika nchi hiyo, na mwenyeji wa hapa ukimwambia "miongoni" atakusahihisha: atasema ndiyo ya kwanza. Leo Marekani ina zaidi ya kilomita 40,000 za reli zilizogeuzwa njia za watu.

Na kuna ujanja mmoja wa kisheria niupendao. Mwaka 1983 Bunge lao lilipitisha utaratibu kwamba kampuni ikiacha reli, ukanda wake unaweza kuhifadhiwa kama njia ya miguu na baiskeli huku haki ya kurudisha treni ikibaki palepale. Yaani mbele ya sheria ile reli haijafa, imelala tu. Siku treni ikihitajika tena, wenye baiskeli watapisha. Njia yetu ya leo ni ya kabla ya sheria hiyo, ilinunuliwa moja kwa moja, kwa hiyo kanyageni bila hofu.

Kibali kimepatikana? Vizuri. Baada ya Kendall mtaona vilima vinatusogelea, na vina sura ya ajabu: vimesimama wima, vina magenge ya mawe, mabonde yake ni membamba. Ukienda mashariki au kaskazini ya jimbo hili unakuta ardhi imelala. Zamani sana, zama za barafu, sehemu kubwa ya kaskazini ya Marekani ilifunikwa na barafu nene iliyotambaa kutoka Kanada. Barafu hiyo ikipita juu ya nchi inasaga vilima, inajaza mabonde, na ikiyeyuka inaacha vifusi vya mawe na maziwa. Lakini kona hii ya kusini-magharibi ya Wisconsin iliizunguka. Huku na huku barafu, katikati kisiwa cha nchi kavu ambacho hakikuguswa. Vilima vikabaki na ncha zake. Watu wa reli wakafika miaka mingi baadaye na ramani zao, wakakuta vimewasubiri.

Hapo ndipo handaki la kwanza lilipo, kati ya Kendall na Wilton. La pili liko kati ya Wilton na Norwalk. Yote mawili yana urefu wa mita 500 na kidogo. Tutayapita, tutashuka kwenye baiskeli na kuzisukuma kama kibao kinavyoagiza, tutapiga kelele kusikia mwangwi, kwa sababu hakuna mtoto aliyewahi kupita handakini kimya na mimi sitaki kuwa wa kwanza kuwanyamazisha. Ila maneno yangu nayaweka kwa lile la tatu.

Wilton tunapumzika. Hapa mle jibini. Wisconsin ndiyo nchi ya jibini, na ile mbichi ya vipande vidogo ikiwa ya leoleo hulia "kwii" kati ya meno. Kaeni pia macho barabarani. Katika vilima hivi wanaishi Waamishi, Wakristo walioamua kuishi bila magari wala umeme wa gridi; mkiona kigari cheusi kinavutwa na farasi, na baba mwenye ndevu na kofia ya majani amekaa mbele, salimieni, lakini msiwapige picha usoni. Hawapendi, na mgeni ni wa kufuata ada za mwenyeji.

Tukiacha Norwalk, njia inaanza kupanda. Hamtaona kwa macho. Mtaona kwa miguu, kwa sababu mazungumzo yatapungua. Kisha kilima kinatanda mbele na njia inaingia kwenye mkato mrefu, kuta za mawe pande zote mbili, zimeota kuvu na majani ya unyevunyevu. Hewa inabadilika. Mlikuwa mnatoka jasho. Sasa upepo wa baridi unatoka mbele, chini chini, unawapiga kwenye vifundo vya miguu.

Vaeni sweta.

Hili ndilo handaki namba tatu: mita 1,161. Waliolichimba walitumia miaka mitatu. Zana zao zilikuwa nyundo, tindo, sululu na baruti. Unashika tindo, mwenzako anapiga nyundo, unalizungusha kidogo, anapiga tena, mpaka tundu liingie ndani ya mwamba. Mnajaza baruti, mnakimbia, inalipuka. Moshi ukitulia mnarudi kuzoa vifusi. Halafu mnaanza tundu jingine. Majina ya vibarua wale hayakuandikwa mlangoni.

Sasa tazameni huo mlango wenyewe. Ndiyo, mlango. Mkono wa yule wa nyuma umenyooka tena: handaki la treni linataka mlango wa nini?

Pale kwenye kinywa cha mlima kuna mbao mbili kubwa mno, kila moja imening'inia upande wake, ndefu za kupitisha garimoshi pamoja na dohani lake. Ng'ambo ya pili kuna nyingine mbili. Sijui kama mlishawahi kusahau chupa ya soda kwenye friza. Asubuhi unaikuta imepasuka. Maji yakiganda huwa hayatoshi tena mahali yalipokuwa: yanatanuka, karibu sehemu moja kwa kila kumi na moja, na hayaombi ruhusa. Mwamba wa hapa ni wa mchanga ulioshikana, na mlima wote unavuja. Maji yapo katika kila ufa. Wakati wa baridi ya Wisconsin, hewa ya kuganda ikipata kuingia handakini, maji yale yanakuwa barafu na kuutanua ufa kidogo. Mchana yanayeyuka, yanazama ndani zaidi. Usiku yanaganda tena. Ufa wa unene wa unywele unakuwa wa kidole, wa kidole unakuwa wa mkono, na asubuhi moja jiwe linaanguka juu ya reli.

Kuupasha mlima joto haiwezekani. Lakini ndani sana ya ardhi baridi ya nje haifiki. Kuna ubaridi wa wastani, kiangazi na kipupwe, usiofika kiwango cha kugandisha. Kinacholeta madhara ni hewa inayoingia mlangoni. Basi wakaufunga mlango.

Na mlango unaofungwa unataka bawabu. Karibu na handaki hili palikuwa na kibanda, na ndani ya kibanda alikaa mlinzi. Fikirieni usiku wa Januari, theluji imefika magotini, mtu mmoja na taa yake ya mafuta. Ana ratiba ya treni mfukoni. Anasikiliza. Treni ikikaribia anakwenda kuifungua milango, nayo inapita na moshi wake na kishindo chake; ikishapita anaifunga. Anarudi kibandani, anakoka moto, anangoja nyingine. Akisinzia? Mmeuliza vizuri. Treni ya tani mamia haisimami kwa kupigiwa kelele, na ubao haushindani nayo. Alikuwa hana ruhusa ya kusinzia, basi.

Milango hiyo mpaka leo inafanya kazi yake. Msimu wa baiskeli ukiisha na theluji ikikaribia, mahandaki yote matatu hufungwa, na hufunguliwa majira ya machipuo. Wanaopita njia hii na magari ya theluji wakati wa baridi inawabidi wazunguke juu ya kilima. Naona hiyo ndiyo heshima kubwa kuliko zote waliyopewa wahandisi wa mwaka 1873: baada ya teknolojia zote, hakuna aliyeleta dawa ya barafu iliyoshinda kufunga mlango.

Washeni tochi. Shukeni. Mmoja nyuma ya mwingine, upande wa kulia, na wanaokuja wapewe nafasi.

Hatua za kwanza mwanga wa nje bado uko nasi. Ukuta unaonekana: umejengwa kwa mawe karibu na mlango, halafu mbele unaona mwamba mtupu, na alama za zana. Pembeni, kushoto na kulia, kuna mifereji na maji yanakwenda, yanasikika kuliko kuonekana. Kwa hiyo msisogee pembeni mno. Ukikosea hatua moja, gurudumu liko mferejini. Matone yanaanguka kutoka juu. Moja limempata nani shingoni? Pole. Litampata kila mtu. Mbele kidogo yanakuwa mengi, kama mvua ya manyunyu ya asubuhi, na mtu mgeni hushangaa kunyeshewa ndani ya mlima siku ya jua kali.

Tukifika katikati, nitawaomba mzime tochi, wote kwa pamoja. Anayeogopa anishike shati. Nyoosha mkono wako mbele ya uso. Huuoni? Usogeze mpaka uguse pua. Bado. Giza la chumbani usiku si giza hili. Chumbani kuna mwanga wa chini ya mlango, wa nyota, wa simu ya kaka yako. Hapa hakuna mahali pa kutoka mwanga. Mtasikia maji, mtasikia pumzi zenu, na mara nyingi kuna mmoja anayecheka, kisha wanacheka wote. Haya, washeni.

Kutoka mlango mpaka mlango kwa miguu ni zaidi ya robo saa. Mkitoka, joto litawafunika mara moja na miwani itaingia ukungu. Vueni sweta, zikamueni.

Kutoka hapa ni raha tupu. Handaki liko juu ya mgongo wa nchi, na upande huu njia inateremka kuelekea Sparta. Mteremko wenyewe ni ule wa kibahili wa reli, kwa hiyo hamtaruka kama mmerushwa. Mtakanyaga pedeli mara moja, halafu baiskeli itajiendea yenyewe kwa muda mrefu. Madaraja ya reli yametandikwa mbao, na yakipitwa na baiskeli hutoa mlio wa ngoma. Chini yake vijito, kando yake ng'ombe weusi na weupe wanaotafuna bila kuwageukia. Breki zishikwe mahali njia inapokata barabara za magari. Hapo simameni kweli, tazameni pande zote mbili, maana wenye malori ya maziwa hawana muda.

Sparta inajiita makao makuu ya baiskeli ya Marekani. Miji mingine inabisha, lakini Sparta imejenga sanamu, na kubishana na sanamu ni kazi: mwanamume mwenye masharubu juu ya baiskeli ya kale, ile ya gurudumu kubwa mbele na dogo nyuma, mrefu ajabu. Pigeni naye picha. Halafu kuna makumbusho yenye mambo mawili yasiyofanana hata kidogo, baiskeli na safari za anga za juu, kwa kuwa mwanaanga Deke Slayton alikulia huku. Alichaguliwa mwaka 1959 katika kundi la kwanza la wanaanga saba wa Marekani, akazuiwa kuruka kwa sababu ya mapigo ya moyo wake, na akangoja mpaka mwaka 1975 ndipo akafika angani.

Walio hoi waoge na kulala. Wenye pumzi bado, njia haijakwisha: kutoka Sparta kuna nyingine, nayo ya reli ya zamani, inayofuata mto La Crosse kilomita kama 34 kuelekea Mississippi. Haina handaki. Sweta mnaweza kuliacha kwenye begi.